Mkono wa Tatu Mezani

4 Agosti

Mama Mdogo mpenzi,

Naapa kukueleza kila kitu. Nimeanza na kiapo kwa sababu umeniomba niwe macho yako hapa nyumbani, na macho yakianza kuchagua cha kuona hayana faida.

Kwanza habari za nyumbani. Bibi hajambo. Anakohoa kidogo asubuhi lakini akishapata chai anaacha. Mama alipiga simu Jumapili kutoka huko ng'ambo anakomtunza yule mzee wa watu. Mkataba wake umebaki mwaka na nusu. Paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku la Bibi la vipuri, la ufundi wake wa saa, na Bibi aliwatazama watoto watano waliolala juu ya springi, akasema, "Hawa wasipokuwa na adabu ya kuwahi, basi tena." Mimi nimekuwa wa kwanza katika sayansi. Katika mbio nimekuwa wa kumi na nne, na tulikuwa kumi na wanne.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe kuna darasa chuo kikuu ambamo mhandisi, muuguzi, mchoraji na wewe mwalimu wa hesabu mnakaa meza moja kujifunza kubuni vitu, na hamna ruhusa ya kutengeneza chochote mpaka mmemtazama mtu mmoja kwa wiki nne! Nilipomsimulia mwalimu wetu wa sayansi, alisema angependa fundi aliyetengeneza madawati yetu apelekwe darasa hilo, hata kwa nguvu.

Basi nimemtazama Bibi anavyotengeneza chai ya asubuhi na huo mkono wa kulia uliolegea kwa kiharusi. Noti za niliyoyaona ziko kwenye karatasi ya pembeni ili mzibandike ukutani. Nimeandika "Mwenye Saa" badala ya "Bibi" kama ulivyotaka, ingawa sijaelewa kwa nini. Mwalimu wetu anasema mtazamaji mzuri ni kama kioo cha dirisha: anaonyesha vilivyo nje, mwenyewe haonekani. Nimejitahidi.

Kwa ufupi ni hivi. Saa kumi na mbili na nusu Mwenye Saa anaingia jikoni. Anajaza birika kwa mkono wa kushoto. Anafungua kopo la majani. Maji yakichemka anainua birika na kumimina kwenye kikombe kupitia kichujio. Dakika kumi na moja. Hakumwaga hata tone.

Nina swali moja. Utakuja lini? Tangu ulipoondoka mwaka jana, wiki tatu baada ya Bibi kuugua, ndoano ya tatu pale karibu na jiko iko tupu. Ya kwanza ina kikombe cha Bibi, ya pili changu. Chako chenye mstari wa buluu Bibi alikipandisha kabatini, kwenye vikombe vya wageni, siku ile ile uliyopanda basi.

Wako,
Mtoto wa dada yako

---

17 Agosti

Karani wangu,

Hilo ndilo jina lako kuanzia leo, na kikundi kizima kimelipitisha. Nilipobandika noti zako ukutani, Muuguzi alisema, "Huyu anaandika vizuri kuliko daktari wa zamu." Ujue Muuguzi hasifu mtu hovyo.

Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, na juu ya ukuta kuna njiwa anayenitazama kana kwamba nimechelewa kumlipa kodi. Nakula, nalala, usiwe na wasiwasi. Mpe Bibi salamu zangu.

Nikuambie kuhusu kikundi. Mhandisi ni kijana mrefu ambaye mikono yake haitulii. Kwa kuwa tumekatazwa kushika msumeno, ametengeneza mnara wa vifuniko vya kalamu. Mchoraji haongei. Akitaka kusema kitu anakichora. Muuguzi ana miaka hamsini, amefanya kazi wodini miaka ishirini na tano, na kila Mhandisi anaposema "mtumiaji" yeye anamkatiza: "Ana jina?" Mimi kazi yangu ni kupima muda na kuuliza maswali ya kijinga. Siku ya kwanza nilidhani tumekutanishwa kwa makosa. Sasa naona kila mmoja ana tundu ambalo mwingine analiziba.

Mhadhiri wetu ana kanuni moja anayoirudia kila Jumatatu. Usimwulize mtu anahitaji nini, maana atakujibu la kukufurahisha. Kaa, tazama anachofanya.

Kwa hiyo endelea kutazama, Karani. Niandikie siku tano mfululizo. Na kama Mwenye Saa akisema kitu wakati wa kazi, kiandike kama alivyokisema.

Wako akupendaye,
Mama Mdogo

---

1 Septemba

Mama Mdogo mpenzi,

Watoto wa paka wamefumbua macho, wote isipokuwa mmoja, na huyo ndiye Bibi anampenda. Kikohozi kimepungua. Jirani wa mlango wa pili ametuletea kiti cha zamani ambacho mguu wake mmoja ni mfupi. Bibi amekiita "mwenzangu".

Siku tano nimezimaliza, na noti ziko ndani ya bahasha. Maneno ya Mwenye Saa nimeyaandika yalivyo. Siku ya pili alisema, "Kichujio hiki kimetengenezwa na mtu asiyekunywa chai." Siku ya nne nilimweleza kwamba kuna wasomi wanne wanafikiria chai yake. Alicheka mpaka akakaa. "Wanne! Kwa chai moja? Waambie sukari vijiko viwili, wasije wakabuni na hilo."

Mchana nikirudi kutoka shule namkuta amekaa mezani pake pa kazi. Meza ni safi. Bisibisi zake ndogo zimepangwa kwa urefu, kibano kiko juu ya kitambaa chake, na hakuna saa iliyofunguliwa. Ile kubwa ya ukutani bado imesimama saa tatu na dakika ishirini. Anapangusa bisibisi moja moja, anazirudisha. Hili si la chai, lakini umesema niandike ninachoona.

Shuleni hakuna jipya. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa bahasha. Si jambo la haraka.

Hukujibu swali langu. Labda hukuliona, liko chini kabisa ya ukurasa. Utakuja lini?

Wako,
Karani

---

22 Septemba

Karani wangu,

Pamoja na barua hii umepokea mzigo. Usiufungue kwa kisu! Ndani mna kibembea cha birika, mfano wetu wa kwanza. Wiki nne zilipoisha Mhandisi alikimbilia karakana kama mtoto aliyesikia kengele ya mapumziko.

Kinafanya kazi hivi. Birika linakaa kwenye kitanda cha mbao, na kitanda kinaning'inia kati ya nguzo mbili fupi. Huhitaji kuinua. Unasukuma mpini kwa kiganja, birika linainama, chai inamiminika. Kutokana na noti zako tumeona kwamba Mwenye Saa hana shida na kopo, hana shida na kikombe, na kichujio anakimudu. Tukasema basi mzigo ni birika lenyewe. Tumejaribu mara sitini. Mimi ndiye niliyehesabu.

Njiwa wangu amepata mwenzake. Sasa wananitazama wawili.

Nataka kujua kila kitu. Alikishikaje? Alisema nini? Alitabasamu? Hayo mengine uliyoniuliza tutaongea. Kazi zimenibana.

Wako akupendaye,
Mama Mdogo

---

12 Oktoba

Mama Mdogo mpenzi,

Mzigo ulifika salama. Bibi hajambo. Mimi pia sijambo. Paka wote wana wenyewe sasa isipokuwa yule mmoja.

Kibembea ni kizuri na kimepigwa msasa vizuri. Bibi amekitumia. Anawashukuru wote wanne, hasa Mhandisi.

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na mitihani.

Wako,
Karani

---

25 Oktoba

Karani wangu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kusema kweli natumaini hivyo kuliko siku nyingine. Barua yako ya mwisho ina mistari mitano. Hata ulipokuwa na surua uliniandikia kurasa mbili.

Sasa sikiliza kilichotokea hapa. Mchoraji aliamua kuchora noti zako zote, hatua moja karatasi moja, kama kitabu cha picha. Alifanya kazi siku tatu bila kusema. Alhamisi alibandika picha ya hatua ya saba, kisha akakaa chini akaitazama. Tukamfuata. Birika liko hewani, kwa hiyo mkono wa kushoto umelishika. Kichujio kiko juu ya kikombe, kimenyooka, kwa hiyo kuna mkono umekishika, na huo wa kulia tunaambiwa hauna nguvu ya kushika hata kijiko. Tukasema haya, tumkubalie, labda siku hiyo uliweza. Lakini kikombe nacho hakisogei. Birika lilikuwa limejaa, meza yenu ya jikoni imeinama upande mmoja tangu sijazaliwa, na hukuandika hata siku moja kwamba kikombe kiliteleza.

Mchoraji alichukua penseli nyekundu akachora mkono wa tatu, unaoingia kutoka ukingoni mwa karatasi. Haukuwa na mwenyewe. Muuguzi akauliza swali lake lile lile: "Una jina?"

Nami nakuuliza, mwanangu. Sikugombezi. Mkono wa tatu ni wa nani? Na kibembea kilifanya nini hasa?

Mama yako mdogo

---

5 Novemba

Mama Mdogo mpenzi,

Niliapa nikavunja, kwa hiyo leo sitaapa. Nitasema tu.

Bibi anaendelea vizuri. Naanza na hilo ili usisome yanayofuata kwa hofu.

Mkono wa tatu ni wangu. Kila asubuhi nashika kikombe na kichujio. Kopo nalifungua mimi, ananiwekea mbele bila kuniambia nami nalirudisha likiwa wazi. Birika likijaa sana naweka kiganja changu chini ya mkono wake. Sikudhani ni uongo. Nilidhani mtazamaji hatakiwi kuonekana. Nilijitoa kwenye noti kama tulivyofundishwa, sikujua kwamba nikijitoa na chai nayo inaanguka.

Na kweli imeanguka. Kibembea tulipokijaribu pamoja kilikwenda vizuri, kwa sababu nilikishika. Kesho yake nilikuwa na mtihani, nikaondoka mapema. Bibi alijaribu peke yake. Alisukuma mpini na kibembea chote kikasogea, kikombe kikapinduka, maji yakamwagika kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Niliporudi alikuwa amejifunga taulo. Nikamwuliza, akasema, "Nimejipamba." Nilipofungua taulo niliona ngozi imetoka. Zahanati walimpa dawa, na sasa kumebaki alama nyekundu. Aliniambia, "Usimwandikie. Wamefanya kazi nzuri wale watoto." Kwa hiyo nikaandika mistari mitano.

Na kuna la pili, afadhali yote yatoke kwa pamoja. Ile bahasha ya mwalimu mkuu ni nafasi katika shule ya bweni ya sayansi. Wanachukua wasichana ishirini tu. Wana maabara yenye bomba la maji kwenye kila meza. Kuripoti ni tarehe 10 Januari, na fomu inatakiwa kurudishwa kabla ya 20 Desemba ikiwa na sahihi ya mlezi. Sijamwonyesha Bibi. Nimeificha ndani ya saa ya ukutani, kwa sababu haitembei na hakuna anayeifungua.

Siendi, Mama Mdogo. Usinishawishi. Nikienda nani atashika kikombe? Na nikisema ukweli wote, sitaki siku nikipanda basi Bibi akipandishe na changu kabatini.

Wako,
Karani

---

16 Novemba

Mwanangu,

Barua yako nimeisomea ngazini. Sikuweza kufika chumbani.

Kwanza ahsante. Pili, kosa la kibembea si lako. Sisi wanne tuna miaka ya shule ukijumlisha inapita sabini, na hakuna aliyeuliza, "Karani alikuwa amekaa wapi?" Nilimsomea mhadhiri barua yako, ile sehemu ya kwanza tu, ya bahasha niliikunja. Akasema, "Huyo mtoto ametufundisha muhula mzima kwa sentensi moja."

Sasa zamu yangu. Wewe ulijitoa kwenye noti ukidhani ndiyo adabu. Mimi nilijitoa kwa woga. Darasa letu lina kanuni nyingine ambayo sikukuandikia: usimchague ndugu yako, maana utamwona unavyotaka awe. Mimi niliwaambia Mwenye Saa ni mzee mmoja ninayemfahamu. Ndiyo maana nilikuomba usiandike "Bibi". Nilitaka kuiona nyumba kila wiki bila kuingia mlangoni. Unajua siku niliyoondoka nilimwuliza, "Mama, niende?" Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Akasema, "Nenda." Hakugeuka. Nafasi ya chuo isingesubiri, nikaenda, nikakuachia wewe mwenye miaka kumi na mitatu kazi yote ya mkono wake. Ulipoandika habari ya kikombe changu nilijua nimeshahukumiwa. Mgeni hachagui siku ya kuja, anangoja aalikwe.

Jana nimewaambia kikundi ukweli. Mhandisi alishangaa. Mchoraji hakushangaa hata kidogo, akanionyesha daftari lake: tangu Septemba amekuwa akimchora Mwenye Saa mwenye pua kama yangu. Mhadhiri amenipunguzia alama, na nimestahili. Kisha akasema twende wote tukakae jikoni kwa siku moja, tarehe 14 Desemba. Akaongeza kwamba muhula ujao ni wa kazi ya nje, na mwanafunzi anaweza kuufanya mahali anapoishi mtu anayemtazama, akae naye huko. Kuna fomu. Sijaijaza.

Bahasha ni yako. Sitaitoa mimi ndani ya saa. Nakuomba jambo moja tu: Jumamosi moja kaa jikoni, mikono nyuma ya mgongo, usimsaidie hata akikutazama. Na safari hii jiandike. Andika ulipokaa, na ulichotaka kufanya.

Mama yako mdogo

---

4 Desemba

Mama Mdogo mpenzi,

Bibi hajambo, kidonda kimepona kabisa, na yule paka aliyechelewa kufumbua macho sasa analala juu ya redio. Mama amesema yule mzee anayemtunza amejifunza kusema "ahsante" kwa lugha yetu, ila anaisema kila anapotaka chumvi.

Jumamosi nilifanya ulivyoniambia. Nilikaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, mlangoni, mikono nyuma. Bibi aliweka kopo mbele yangu kama kawaida. Sikunyoosha mkono. Akanitazama.

"Umevunjika?"

"Hapana, Bibi. Natazama tu."

"Nani kakwambia?"

"Mama Mdogo."

Alisimama pale muda mrefu, kopo liko katikati yetu. Nilitaka kulichukua, nimeliandika hilo kwenye noti. Kisha akasema, "Haya. Ngoja nikuonyeshe mikono yangu mingine iko wapi," akatoka. Nikasikia anaburuta kitu. Alirudi na jiliwa lake la zamani, lile la chuma alilokuwa akibania saa kubwa, akilivuta ndani ya beseni kwa mkono mmoja. Alilifunga kwenye ukingo wa meza ya jikoni. Skrubu aliikaza kwa kushoto. Ule wa kulia aliulaza juu ya jiliwa ili lisicheze. "Huu haushiki," alisema, "lakini ni mzito. Uzito nao ni kazi."

Kopo akalibana kwenye jiliwa, akalifungua. Akalitoa. Halafu akachukua kibembea cha Mhandisi, akakipindua, na nikaona ameshakikata miguu! Alikuwa amefanya hivyo nikiwa shuleni, kwa msumeno wa kukatia vyuma. Akakibana kwenye jiliwa pale miguu ilipokuwa. Sasa hakisogei hata ukikipiga teke. Kikombe alikiweka ndani ya kopo tupu la maziwa lililopigiliwa msumari mezani, na kichujio kikakaa chenyewe juu ya ukingo. Akasukuma mpini.

Dakika kumi na tisa, Mama Mdogo. Alimwaga vijiko viwili hivi. Noti zinasema: "Mtazamaji alikuwepo, mlangoni, mikono nyuma. Alitaka kusaidia mara nne. Mara ya nne alilia, lakini chai ilikuwa tayari."

Bibi aliketi akanywa. Nikamwuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Akasema, "Nilikuwa na wewe. Ulikuwa unakimbilia kile kikombe kana kwamba kikianguka dunia nzima inaanguka nacho. Nikasema mtoto wa watu, mama yake yuko mbali, mama yake mdogo yuko mbali, mwache ashike kitu."

Kumbe alikuwa akinishika mimi.

Kuanzia siku hiyo jiliwa limerudi kazini: asubuhi jikoni, mchana mezani pake. Jumatatu niliporudi kutoka shule nilimkuta mezani pake, na kwa mara ya kwanza tangu augue kulikuwa na saa iliyofunguliwa. Unaweza kukisia ni ipi. Ameanza na ile kubwa ya ukutani, kwa sababu vyuma vyake vinaonekana bila miwani. Ilikuwa imelala chali ndani ya jiliwa, mlango wake wa nyuma uko wazi, na bahasha yangu iko juu ya kitambaa kati ya bisibisi.

"Mke mwenzangu," aliniambia, na unajua akiniita hivyo ameshashinda, "hii saa imekuwa posta tangu lini?"

Nikaweka begi la shule chini.

"Umeficha kitu ndani ya saa, kwenye nyumba ya fundi saa?"

"Ilikuwa haitembei, Bibi."

"Na mimi je? Nilikuwa sitembei?"

Nikalia tena. Nikamwambia yote, ya kikombe kuachwa bila mtu wa kukishika, na ya kabati pia. Nilimwambia siwezi kuondoka halafu kikombe changu kipandishwe kwa wageni kama chako. Bibi aliweka bisibisi chini. Sijawahi kumwona ameshangaa vile.

"Kwa hiyo ndivyo mlivyoelewa? Wote wawili?" Alinyanyuka akaenda kabatini, akafungua. Kikombe chako kimefungwa kitambaa kile cha manjano anachofungia saa za watu ambao hawajarudi kuzichukua. Mimi hufungua kabati lile mara moja kwa mwaka, sikujua. "Kikombe kikikaa tupu kwenye ndoano kinaingia vumbi na mafuta ya jiko," alisema. "Nilikifunga ili akirudi akikute kisafi. Na siku ile sikugeuka kwa sababu nusu ya uso wangu ilikuwa imeporomoka. Nilitaka siku ya kuondoka asiuone tena, aukumbuke ulivyokuwa mzima. Mwandikie hilo. Mimi kwa simu siliwezi."

Nimeliandika alivyolisema.

Fomu ya shule ameisaini kwa mkono wa kushoto. Sahihi inafanana na mdudu aliyetoka kwenye wino, lakini mwalimu mkuu ameipokea. Tarehe 10 Januari nitakwenda. Bibi amesema kikombe changu atakifunga kitambaa cha kijani, na likizo nitakikuta. Jirani ameahidi kupita kila mchana. Bibi anasema inatosha, na kwamba ana saa saba za watu zinazomngoja, hana nafasi ya kukaa na wageni kutwa. Saa ya ukutani inatembea. Inachelewa dakika nne kwa siku, naye anaibishia kila asubuhi.

Tarehe 14 tunawasubiri. Bibi atawatengenezea chai mwenyewe, vikombe vyote, na amesema anayetaka kumsaidia akae nje na paka. Mwambie Mhandisi asikasirike kuhusu miguu. Mwambie Mchoraji aje na penseli nyekundu, maana kuna mkono wa kuufuta.

Jana nimeteremsha vikombe vya wageni, nimeviosha na kuvipanga. Chako nimekitoa kwenye kitambaa, nimekiosha peke yake, na sasa kiko mbele yangu juu ya meza ninapoandika. Bibi amepita mara mbili akakitazama. Mimi siwezi kuamua, kwa sababu fomu iliyobaki, ile ya muhula ujao, ni yako. Nijibu kwa posta ya kwanza, Mama Mdogo: kikombe chako nikiweke kwenye sinia pamoja na vya wageni, au nikirudishe kwenye ndoano yake?

Wako,
Karani